CNN: Mbiu ya Mgambo Isiyonyamaza

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ndivyo walivyosema wazee wetu, na kila mpiganaji anayesoma ukurasa huu anaijua methali hiyo tangu utotoni. Mpiga mbiu hakupuliza baragumu lake kwa kujifurahisha. Alilipuliza kwa kuwa adui ameonekana, au mto umefurika, au mkuu ana neno kwa raia wake. Baada ya hapo alinyamaza, na kimya chake nacho kilikuwa na maana: watu walijua kwamba wanaweza kulala.

Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za mbiu ya namna nyingine, ambayo tangu ilipoanza kulia tarehe 1 Juni 1980 katika mji wa Atlanta, jimbo la Georgia, nchini Marekani, haijanyamaza. Jina lake ni CNN, yaani Mtandao wa Habari kwa Waya. Hilo ndilo shirika la kwanza la televisheni kutangaza habari tupu, saa 24 kwa siku. Tunawaletea wapiganaji na askari polisi historia yake kwa sababu moja. Katika muda wa miaka 15 hivi shirika hilo liliitoa kamera katika chumba cha mtangazaji na kuisimamisha katikati ya uwanja wa vita, na tangu hapo hapana jeshi wala kikosi cha polisi kiwezacho kufanya kazi yake kana kwamba kamera haipo.

MWENYE MABANGO

Mwanzilishi wa CNN, Ted Turner, alizaliwa mwaka 1938 katika mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa na biashara ya mabango ya matangazo, yale makubwa yanayosimamishwa kando ya barabara. Mwaka 1963 baba huyo alijiua, na kijana wake mwenye umri wa miaka 24 akaachiwa kampuni yenye mashaka makubwa. Badala ya kuiuza aliishika kwa mikono miwili, akaikuza. Mwaka 1970 alinunua kituo kidogo cha televisheni mjini Atlanta, chaneli ya 17, kilichokuwa kikipata hasara na kuonekana kwa shida. Alikijaza filamu za zamani, mieleka na mchezo wa besiboli. Alikuwa pia nahodha hodari wa mashua za tanga, na mwaka 1977 alishinda Kombe la America, ambalo ni taji kuu la mchezo huo.

Ili kufahamu jinsi kituo kidogo kama hicho kilivyozaa shirika la dunia, yafaa tueleze kwanza mambo mawili ya ufundi: waya na setilaiti.

Televisheni ya waya ilianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940. Mawimbi ya televisheni huenda moja kwa moja kama mwanga wa kurunzi. Mlima ukiyakinga, mtu aliye bondeni haoni kitu. Mafundi wa miji ya mabondeni wakasimamisha mlingoti mmoja mrefu juu ya kilima, wakateremsha waya mpaka katika nyumba, na kila nyumba ikalipa ada kwa mwezi. Kwa miaka mingi kazi ya waya haikuwa zaidi ya hiyo.

Setilaiti ndiyo iliyobadili mambo. Chombo kinachowekwa angani, kilomita 36,000 hivi juu ya mstari wa ikweta, huzunguka sambamba na dunia, kwa hiyo kwa mtazamaji aliye chini huonekana kimesimama mahali pamoja. Kituo kimoja kikirusha picha mpaka kwenye chombo hicho, kila mwenye sahani ya kupokelea katika nchi nzima huweza kuzidaka na kuzipitisha katika waya zake. Mwaka 1975 kampuni ya HBO ilitumia njia hiyo kuonyesha pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier lililofanyika Manila. Turner aliona, akaelewa. Mnamo Desemba 1976 chaneli yake ya 17 ilirushwa kwa setilaiti, na kituo cha mji mmoja kikageuka kituo cha taifa.

JUMAPILI YA KWANZA YA JUNI

Zama hizo Wamarekani walipata habari kutoka katika mashirika makubwa matatu, ABC, CBS na NBC, na taarifa kuu ya kila shirika ilikuwa ya nusu saa jioni. Aliyechelewa kazini aliikosa. Turner alimwita mwanahabari mzoefu, Reese Schonfeld, naye akawa rais wa kwanza wa shirika jipya. Ili kupata fedha Turner aliuza kituo chake kingine, kilichokuwa katika mji wa Charlotte, kwa dola milioni 20.

Kisha pakatokea msiba wa kiufundi. Mnamo Desemba 1979 setilaiti ya Satcom 3, ambayo CNN ilitegemea, ilirushwa na kupotea kabla ya kufika mahali pake. Turner aliishtaki kampuni yenye setilaiti, akapata nafasi katika chombo cha zamani zaidi, na hakuahirisha siku ya ufunguzi.

Basi Jumapili ya tarehe 1 Juni 1980, katika jengo la zamani la klabu kwenye barabara ya Techwood, CNN ilifunguliwa. Bendi ya pamoja ya majeshi ya Marekani ilipiga wimbo wa taifa. Watangazaji wa kwanza walikuwa David Walker na Lois Hart, mume na mke. Habari mojawapo ya awali ilikuwa ya kushambuliwa kwa risasi kwa Vernon Jordan, kiongozi wa Wamarekani weusi, na Rais Jimmy Carter alionyeshwa moja kwa moja kutoka Fort Wayne alikokwenda kumjulia hali. Turner alitangaza kwamba mitambo haitazimwa mpaka dunia ifike mwisho, na bendi ilirekodiwa ikipiga wimbo wa dini uwekwe akiba kwa ajili ya siku hiyo ya mwisho.

Nyumba zilizoweza kuipata siku ya kwanza zilikuwa milioni 1.7 tu. Wenye mashirika makubwa waliicheka. Kwa kuchezea herufi zake walilipachika jina la supu ya kuku na tambi, yaani chakula cha bei rahisi. Katika Ikulu ya Marekani wapiga picha wake walinyimwa nafasi katika kundi la pamoja lililoandamana na Rais, na ilibidi mwaka 1981 CNN iende mahakamani kuidai haki hiyo. Washindani walipoanzisha mtandao wa habari wa aina hiyo hiyo mwaka 1982, Turner alipambana nao, na mwaka uliofuata aliununua kwa dola milioni 25 na kuufunga.

SUBIRA YA KOPLO

Mtu mmoja wa CNN anastahili kutajwa mbele ya wapiganaji. Naye ni Bernard Shaw, kijana wa Chicago aliyetumikia kikosi cha Marines cha Marekani kuanzia 1959 hadi 1963 kabla ya kuingia katika uandishi wa habari. Tarehe 30 Machi 1981 Rais Ronald Reagan alipigwa risasi mjini Washington, na msemaji wake, James Brady, alijeruhiwa vibaya kichwani. Kila shirika lilikuwa likikimbilia kuwa la kwanza. Mashirika makubwa yote matatu yalitangaza kwamba Brady amekufa. Shaw alikataa kulitamka neno hilo kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyelithibitisha. Brady hakufa, aliishi hadi mwaka 2014. Mwenye kujua kazi ya upelelezi hana haja ya kufafanuliwa zaidi: taarifa iliyochelewa huweza kusubiriwa, bali taarifa ya uongo huua.

Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga Challenger kiliporushwa kutoka Florida, mashirika makubwa yalikwisha kuchoshwa na safari hizo na yakaendelea na vipindi vyao. CNN ilikuwa ikionyesha. Sekunde 73 baada ya kuruka chombo kilisambaratika mbele ya macho ya watazamaji, na wanaanga wote saba wakafa. Mnamo Mei 1989, siku za maandamano katika uwanja wa Tiananmen, maofisa wa serikali ya China waliingia katika chumba cha CNN mjini Beijing wakaamuru matangazo yakatwe, na dunia ikayatazama majadiliano hayo mpaka picha ilipozimika. Hapo ndipo serikali nyingi zilipotambua kwamba hata tendo la kufunga dirisha linaweza kuonekana dirishani.

USIKU WA BAGHDAD

Lakini siku iliyoipa CNN cheo ilikuwa tarehe 17 Januari 1991. Irak ilikuwa imeivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, na majeshi ya nchi nyingi yakiongozwa na Marekani yalikuwa yamejikusanya Saudi Arabia. Kwa miezi kadhaa CNN ilikuwa ikiwaomba wakuu wa Irak kibali cha kuwa na simu maalumu ya waya nne, isiyotegemea mitambo ya simu ya mji. Hatimaye ilipewa.

Saa nane na nusu usiku hivi, ndege za kwanza zilipofika juu ya mji na mizinga ya kutungulia ndege ikaanza kuvurumisha risasi angani, watu watatu wa CNN walikuwa katika ghorofa ya tisa ya hoteli ya Al-Rashid: Bernard Shaw, John Holliman na Peter Arnett. Mabomu yalipoiharibu mitambo ya simu, sauti za waandishi wengine zilikatika. Simu ya waya nne iliendelea. Hapakuwa na picha za moja kwa moja. Watazamaji waliona ramani na nyuso za watu hao, na wakasikia vita kwa masikio. Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Dick Cheney, aliwaambia waandishi kwamba taarifa bora kabisa aliyoiona juu ya yaliyotukia Baghdad ilikuwa ile ya CNN. Fikirini, ndugu wapiganaji: waziri aliyetuma ndege zile alikuwa akitazama katika televisheni matokeo ya amri yake, na adui yake mjini Baghdad aliweza kuitazama taarifa ile ile.

Tangu hapo makamanda walianza kuihesabu kamera katika mipango yao. Mazoezi ya kuteka ufuo yaliyofanywa na Marines kwenye pwani ya Saudi Arabia yaliachwa yatangazwe waziwazi. Irak ikabakiza vikosi vyake vingi kuilinda pwani ya Kuwait, ilhali jeshi kubwa la vifaru lilihamishwa kwa siri kwenda magharibi jangwani, ambako kamera hazikuruhusiwa kutangaza. Vita vya nchi kavu vilianza tarehe 24 Februari na kwisha baada ya saa 100. Kwa upande mwingine, makombora ya Scud yalipoanguka nchini Israel, jeshi la nchi hiyo lilikataza kutangaza mahali hasa yalipoangukia, kwa maana aliyeyarusha angeweza kusahihisha shabaha yake kwa kutazama televisheni tu.

Arnett alibaki Baghdad baada ya wenzake kuondoka. Alitangaza chini ya macho ya wadhibiti wa Irak, na Marekani kwenyewe wako waliomwita msaliti. Hata hivyo, tarehe 13 Februari, handaki la kujikinga la Amiriya lilipopigwa na raia zaidi ya 400 wakaangamia, zilikuwapo kamera za kuwaonyesha watu upande wa pili wa ushindi.

MACHO HAYANA PAZIA

Mwaka huo huo wa 1991 polisi nao walionja mambo hayo. Usiku wa tarehe 3 Machi, mjini Los Angeles, mkazi mmoja alichukua kwa kamera yake ndogo picha za askari wakimpiga kwa virungu dereva mweusi, Rodney King, aliyekuwa chini. Kituo cha mji kilizionyesha, na CNN ikazirudia mchana na usiku mpaka zikajulikana duniani kote. Mahakama ilipowaachilia askari wanne tarehe 29 Aprili 1992, mji ulilipuka kwa ghasia na watu zaidi ya 50 walikufa. Dakika chache za utovu wa nidhamu ziligharimu kuliko vita vidogo.

Kisha kamera zikafika kwetu Afrika Mashariki. Alfajiri ya tarehe 9 Desemba 1992 askari wa Marekani walipotua ufuoni Mogadishu wakinyemelea gizani kwa miwani ya kuonea usiku, walipokewa na taa kali za wapiga picha waliokwisha kuwatangulia. Watu wengi waliicheka habari hiyo, lakini kamanda yeyote anajua kwamba kama adui angekuwa amejificha nyuma ya taa zile, kicheko kingegeuka kilio. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1993, askari 24 wa Pakistan waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa waliuawa katika mji huo. Tarehe 3 na 4 Oktoba waliuawa Wamarekani 18 na Wasomali mamia. Picha za maiti ya Mmarekani akiburutwa barabarani zilirushwa na CNN, na tarehe 7 Oktoba Rais Bill Clinton alitangaza kwamba majeshi yake yataondoka kabla ya tarehe 31 Machi 1994. Wataalamu wakaanza kuzungumza juu ya nguvu ya CNN: picha za njaa ziliyapeleka majeshi, picha za maiti zikayarudisha. Sisi twaona kwamba kauli hiyo inakuza mambo, kwa kuwa serikali huamua kwa sababu nyingi. Lakini kwamba picha huharakisha uamuzi, hilo halina ubishi.

KIMYA KINGI KINA MSHINDO MKUU

Na pale ambapo kamera haipo? Jibu liko Rwanda. Mnamo Aprili 1994 yalipoanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waandishi wengi wa nchi za nje walikuwa wamekwenda Afrika Kusini kushuhudia uchaguzi ulioupa ushindi upande wa Nelson Mandela. Waliokuwapo Kigali walikuwa wachache mno, na wengi waliondolewa pamoja na wageni wengine. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, badala ya kumwongezea nguvu Jenerali Roméo Dallaire, lilikipunguza kikosi chake kiwe cha watu 270. Kwa siku 100 watu wapatao laki nane waliuawa, na wengine hutaja idadi kubwa zaidi. Kamera zilifurika mwezi Julai, zilipokwenda Goma, Zaire ya wakati huo, kuwaonyesha wakimbizi waliokuwa wakifa kwa kipindupindu. Watazamaji wengi wa mbali waliona mwisho wa habari bila kuuona mwanzo wake.

Hili ndilo jambo tunalopenda wasomaji wetu walishike. Mbiu inayolia saa 24 humfanya mtu aamini kwamba lisilotangazwa halikutokea. La hasha! Waliouawa bila kupigwa picha wamekufa sawasawa na waliopigwa picha, na wajibu wa askari kwa raia haupimwi kwa idadi ya kamera zilizopo.

MAJI YALIYOMWAGIKA

CNN yenyewe haikusalimika na ugonjwa wa haraka. Mwaka 1996 iliunganishwa na kampuni kubwa ya Time Warner, na mwaka huo huo walitokea washindani watatu: MSNBC mwezi Julai, Fox News mwezi Oktoba, na Al Jazeera ya Qatar mwezi Novemba. Tarehe 7 Juni 1998 CNN ilirusha kipindi kilichodai kwamba mwaka 1970 askari maalumu wa Marekani walitumia gesi ya sumu nchini Laos ili kuwaua wenzao waliotoroka jeshi. Wapiganaji wa zamani waliokuwa katika operesheni hiyo walipinga vikali. Mwanasheria mashuhuri alipewa kazi ya kuchunguza, na tarehe 2 Julai CNN ilikiri kwamba ushahidi haukutosha, ikaifuta habari hiyo na kuomba radhi. Waliokitayarisha kipindi walipoteza kazi. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Askari hao walikuwa wamekwisha kuitwa wauaji mbele ya dunia.

Tarehe 11 Septemba 2001 CNN ilianza kuonyesha moshi wa jengo la New York dakika tatu tu baada ya ndege ya kwanza kuligonga. Hata hivyo mwaka uliofuata Fox iliipita kwa idadi ya watazamaji nchini Marekani. Wamiliki nao walibadilika: AT&T mwaka 2018, kisha Warner Bros. Discovery mwaka 2022. Mwaka huo huo huduma mpya ya kulipia, iliyotarajiwa kuwafuata watazamaji kwenye intaneti, ilifungwa baada ya mwezi mmoja tu. Turner mwenyewe alikuwa ameachia wadhifa wake wa makamu mwenyekiti mwaka 2003. Jengo kubwa katikati ya Atlanta, ambalo CNN ilihamia mwaka 1987, liliuzwa mwaka 2021, na watu wake wakarudi Techwood, walikoanzia.

Jirani zetu wa Kenya wana kisa chao. Mnamo Julai 2015, Rais Barack Obama alipokuwa karibu kuzuru Nairobi, CNN iliiita nchi hiyo kitovu cha ugaidi. Wakenya walighadhibika, na mwezi Agosti mkuu mmoja wa shirika hilo alisafiri kwenda kwa Rais Uhuru Kenyatta kueleza masikitiko. Funzo lake ni jema: mpiga mbiu naye anaweza kuulizwa, lakini aulizwe kwa hoja, si kwa rungu.

TUNAJIFUNZA NINI?

Leo hii CNN si peke yake. Kila kijana mwenye simu mfukoni ana kamera, na setilaiti ya Turner imeingia katika kiganja. Kwa hiyo yale yaliyowapata makamanda wa mwaka 1991 humpata leo koplo aliye kizuizini na konstebo aliye sokoni.

Kwanza, tuilinde siri. Kombora lililoanguka, gari lililoharibika, kikosi kilichohama, yote ni habari kwa adui, na picha iliyopigwa na askari kwa kujivunia huweza kumwongoza anayetafuta shabaha. Pili, tusiropoke. Bernard Shaw alisubiri dakika chache na jina lake likadumu. Waliotangaza kifo kisichokuwapo walilazimika kula maneno yao. Tatu, na hili ndilo kuu, nidhamu isingoje kamera. Askari anayemtendea raia haki kwa kuwa anatazamwa atamtendea uovu taa zitakapozimwa, na Rwanda imetufundisha yanayoweza kutendeka taa zikizimwa.

Wazee walisikia mbiu mara chache, wakaishika mikuki na kutoka. Sisi tunaisikia mchana na usiku, na hatari yetu ni kuizoea. Ikilia, na tuulize kwanza: nani ameipiga, ameona nini kwa macho yake, na ni kitu gani ambacho hakukiona?